Namba Chini ya Twiga

Katika karakana yetu hakuna kazi inayotoka bila namba. Ndiyo sheria ya ushirika tangu wakati wa wazee waliokuja kutoka Ukambani na tezo zao: kila mwanachama ana namba yake, na ukimaliza kuchonga unaichoma chini ya kazi kwa msumari uliopashwa moto. Kazi isiyo na namba huhesabiwa kuwa ya wizi. Mimi ni Sabini na Nne. Humu ndani wengi hawajui hata jina langu. Wanaita Sabini na Nne, naitika.

Naanza na namba kwa sababu ndiyo kosa langu la kwanza. Sikusoma sana, nilikomea darasa la saba, lakini nina daftari ninaloandika mambo ya siku, na nikirudi kulisoma mara nyingi naona nimejipendelea. Hapa nitajaribu nisijipendelee. Sina hakika nitaweza.

Wakati wa baridi mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya Waziri, yule anayeshughulikia mambo ya nchi za nje. Suti yake iliingia vumbi la mbao mpaka magotini na hakulalamika. Alitaka twiga wawili waliosokotana shingo, wa gogo moja, kimo cha mtoto anayeanza kutembea.

"Ni zawadi, mzee. Waziri anasafiri. Lakini usiweke alama yoyote, isionekane imetoka sokoni."

"Hata chini?"

"Hata chini."

Nikasema sawa. Alilipa yote bila kubishana, na akaniaga kwa mikono miwili, hilo nalo lazima niliandike. Nilichonga siku kumi na moja. Sikio la twiga mdogo lilipasuka, nikalipunguza kwa patasi mpaka likaonekana kama amezaliwa nalo hivyo. Siku ya kukabidhi nikapasha msumari, nikachoma namba yangu. Sikukusudia kumkaidi mtu. Mkono ulienda wenyewe, vile mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake akitoka. Nilipokumbuka, moshi ulikuwa tayari unapanda. Nikapaka rangi ya viatu juu yake, nikanyamaza. Jioni niliandika: "Twiga wa Waziri wameenda. Wana namba. Mungu asaidie wasigeuzwe."

Wakati huo binti yangu wa kwanza alikuwa Ghuba, Uarabuni, akiwa na mwezi wake wa nne katika kazi za nyumba. Sitasema alilazimishwa. Alitaka kwenda, na mimi ndiye niliyempeleka kwa wakala kule mtaa wa Fedha, ghorofa ya pili, nikatia sahihi kila mahali nilipoonyeshwa kidole. Sikusoma. Mimi husoma polepole, na niliona haya kusoma polepole mbele ya karani.

Nyumba ya kwanza haikuwa nzuri. Alilala jikoni. Maji ya moto yalimuunguza mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Yeye alisema ilikuwa bahati mbaya. Mama yake alisema hakuna bahati mbaya inayomwagwa. Mimi sikuwepo. Akarudishwa kwa kampuni iliyompokea kule, na wasichana wanaorudishwa hukaa palepale ofisini wakingoja nyumba nyingine, au pasipoti yao waende kwao. Wakingoja wanafagia. Mkubwa wa kampuni alikuwa amemwahidi kwamba mwisho wa mwezi atampa pasipoti yake arudi. Basi nyumbani kwetu, karibu na Kiamaiko, hakuna chakula kilicholiwa bila kuiombea ile pasipoti.

Siku moja nikipiga msasa, simu ikalia. Picha. Twiga wangu, juu ya meza ya kioo, katikati ya bendera mbili ndogo, ya kwetu na ya kule. Picha ya pili wamepinduliwa, mkono wenye kovu umewashika, na rangi ya viatu imekwanguliwa kwa ukucha: 74. Halafu ujumbe wa sauti, ananong'ona:

"Baba, umenifuata mpaka huku? Napangusa meza ya bosi nikaliona hilo sikio. Nikasema, hili sikio ni la baba. Nikawageuza. Nimelia, halafu nimecheka, wenzangu wanafikiri nimeshikwa na kitu."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kabla ya kufikiria jambo lolote lingine nilifurahi kwamba kitu cha mkono wangu kiko chumba kimoja na mtoto wangu.

Wiki mbili baadaye Waziri aliitwa Bungeni kujibu maswali. Mbunge wa upande wetu aliuliza, na nakubali aliuliza vizuri: Waziri alipokwenda kule alikutana na nani, kwa niaba ya nani, na alikubali nini kuhusu wasichana wetu? Tulikuwa tumeegemeza simu kwenye gogo, tezo zimelala. Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, hiyo ilikuwa safari yangu binafsi. Sikukutana na kampuni yoyote. Mtu akinywa kahawa na rafiki yake, haleti kikombe Bungeni."

Wabunge wakacheka, wa pande zote mbili.

"Sabini na Nne," akaita Kumi na Tisa, mzee aliyenifundisha kazi, "si wewe ndiye ulichonga hicho kikombe?"

"Kahawa ya shingo ndefu!" akadakia mama mmoja anayepaka nta. "Yenye masikio!"

"Sikio moja fupi," mimi nikasema, na karakana yote ikacheka. Nilicheka nao. Wote waliona twiga wakichongwa. Ni mimi tu niliyekuwa na picha ya pale walipofikia.

Sasa niseme upande wa Waziri, maana hayupo hapa kujisemea. Zawadi inaweza kupewa mtu mmoja ikaishia kwa mwingine. Bendera mbili mtu yeyote ananunua. Na mtu wa serikali naye ana marafiki. Nilijiambia haya yote usiku na mchana. Lakini kila mara nilirudi mahali pale pale: kama alikaa na mkubwa wa kampuni, basi walizungumza juu ya mtoto wangu bila kujua jina lake, wakakubaliana jambo, na mimi niliyetia sahihi bila kusoma sitalijua kamwe. Nilitaka aulizwe tena, mtu amwonyeshe kikombe.

Nilimwonyesha mke wangu picha. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaitazama, akaendelea kuchambua.

"Baba watoto, ifute."

"Huu ni ushahidi."

"Huo ni mkono wa mtoto wangu. Yuko kwao. Pasipoti iko kwao. Kwanza arudi, halafu ukachome hiyo Bunge yote na msumari wako, nitakushikia makaa."

Nikamwahidi. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku kumi na tatu. Sikuifuta.

Siku ya tano baada ya ahadi hiyo, mzee Kumi na Tisa alinipa namba ya simu ya msaidizi wa yule mbunge aliyeuliza swali. Tulikutana Industrial Area, kwenye hoteli ya chai nyuma ya godauni, saa sita mchana, wakati vibarua wamejaa na hakuna anayemwangalia mwenzake. Mahali hapo nilipachagua mimi, kwa sababu hakuna anayenijua. Nilivaa shati la kanisani. Msaidizi alikuwa kijana mstaarabu, aliniita mzee, aliniagizia chapati. Aliitazama picha muda mrefu.

"Mzee, hii hatutaionyesha. Mheshimiwa atataja namba peke yake. Namba inatosha."

"Mtoto bado yuko pale."

"Naelewa kabisa. Nyumbani wanajua umekuja?"

"Hawajui."

"Afadhali. Ibaki kati yetu."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzito, nikamtumia picha palepale mezani. Niseme ukweli wa moyo wangu: nilisikia raha. Miaka yote nachonga vitu vya watu kuweka mezani, na siku hiyo nilijiona nimekaa mezani na mimi.

Nyumbani mke wangu aliniangalia kifuani.

"Umetoka wapi na shati la kanisa, siku ya kazi?"

"Shughuli zangu tu."

Akanimiminia chai.

Niliitwa mbele ya kamati ya Bunge kuwa shahidi. Nilibeba daftari langu ndani ya karatasi ya nailoni, ukurasa ule nimeukunja. Wakaniketisha kwenye benchi ukumbini, nje ya mlango. Waziri alipita na watu wake. Aliponiona mzee nimeketi pale, akasimama.

"Habari yako, mzee?"

"Nzuri, mheshimiwa."

Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri, na salamu yake haikuwa ya kuigiza. Sikuweza kumchukia kwa wakati ule, na hiyo pia imekuwa ikinisumbua. Mlango ukafungwa. Karani mmoja wa kike akatoka, akatuambia tuliokuwa nje, mimi na waandishi wawili wa habari, kwamba kamati imeamua kusikiliza jambo hili faraghani kwa kuwa linagusa uhusiano na nchi rafiki.

Waandishi wakaondoka. Nilikaa pale kutoka saa tatu mpaka karibu saa saba, mkono juu ya daftari. Sikuitwa. Nilisikia kicheko mara moja, halafu vijiko vya chai.

Msaidizi alipotoka alinishika bega.

"Umetusaidia sana, mzee. Amekubali twiga ni wake. Anasema ni zawadi binafsi kwa rafiki, na rafiki kwa bahati ana kampuni. Kamati imeridhika."

"Walikubaliana nini na huyo rafiki?"

"Hapo alisema ni mazungumzo ya faragha."

"Na picha?"

Akatazama viatu vyake. "Ilibidi. Waziri alisema namba mtu yeyote anaweza kuandika. Picha imezunguka mezani kidogo tu, halafu nakala wakakusanya."

"Nani alikusanya?"

"Watu wa Waziri."

Sikumtukana. Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini. Ulimi ulienda wenyewe, kama ule mkono na msumari.

Kuanzia siku hiyo simu ya binti yangu haikupatikana. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita. Mke wangu alipiga asubuhi, mchana, jioni, akiniambia labda chaji, labda mtandao, labda amepanda ndege tayari na anataka kutushtua. Nilimwacha aseme. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyotenda, na sikulifanya mara moja, nililifanya siku kumi na sita.

Siku ya kumi na saba ikaingia simu kutoka namba ya kigeni, kwa mama yake. Aliweka spika. Binti alikuwa ameazima simu ya msichana mwingine na alizungumza haraka. Bosi alikuwa amewapanga wote ukumbini, akawaambia wanyooshe mikono. Alipofika kwake akamshika hapo penye kovu, kisha akamwachia. Jioni yake wakamnyang'anya simu, wakampeleka kwenye nyumba nyingine, mji mwingine asioujua jina, amalizie mkataba. Mwaka na miezi saba.

"Na pasipoti?" mama yake akauliza.

"Hawakuitaja tena. Mama, sikuiba kitu. Sijui walikuwa wanatafuta nini."

Kwa haki, hata mimi sijui. Huenda kitu kilikuwa kimepotea pale ofisini. Huenda angepelekwa nyumba hiyo hata kama nisingechoma namba yoyote popote. Nimeandika "huenda" mara nyingi kwenye daftari mwaka huu, na kila mara naiona ikisimama pale ikifunga kifungo cha koti.

Simu ilipokatika mke wangu aliiweka mezani, taratibu, uso chini. Kisha akanigeukia.

"Ulikutana na nani?"

Nilifungua mdomo na kilichotaka kutoka ni kile kile, shughuli zangu. Nilikisikia kikija. Nikakimeza. Nikamwambia nimekutana na nani, wapi, saa ngapi, nilivaa nini, nilikula nini, nilitoa nini, niliahidiwa nini. Nikamwambia kuhusu benchi, na kwamba Waziri alinisalimia nami nikamjibu nzuri. Nililia katikati lakini sikuacha. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono kwenye leso, mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yule Waziri," akasema, "angalau mtoto si wake."

Hakunifukuza, hakunipigia kelele. Ananipikia, tunaenda kanisani pamoja, na watu wakiuliza habari za binti yeye ndiye anayejibu. Karakana naenda kila siku, na naendelea kuchoma namba, kwa sababu ndiyo sheria.

Ijumaa, wakimruhusu, mtoto hupiga simu kwa mama yake. Mke wangu anaichukua, anaingia chumbani, anafunga mlango. Mimi hubaki sebuleni kwenye kiti kilicho karibu na mlango huo na kusikia sauti tu, si maneno. Wakati mwingine wanacheka. Akitoka ananiambia, "Ni mzima, anakusalimia," na kwenda jikoni, na mimi sijawahi kumuuliza wamezungumza nini.