Mkanda wa Nne

Mume wangu alikuwa mtu wa kufunga vitu. Wengine Mungu amewajalia sauti, wengine miguu ya kucheza. Yeye alijaliwa mafundo. Mzigo wa kuni alioufunga ungeweza kuuviringisha kilima kizima na usipoteze hata kijiti. Nilipoolewa naye nilimcheka. Nilimwambia kwamba siku moja atanifunga hata mimi kwenye nguzo ya nyumba ili nisianguke. Akanijibu bila kutabasamu, "Weye hauanguke. Weye unaangushaka bengine." Nadhani alikuwa ananitania.

Tuliishi Bagira, kitongoji cha mji wa Bukavu huko Kongo, katika nyumba mpya za matofali walizojengewa wafanyakazi, miaka michache kabla ya uhuru. Mji wenyewe ulikuwa umeacha jina lake la kizungu juzijuzi tu, na wazee bado waliyachanganya majina hayo mawili. Mume wangu alikuwa msafisha vioo. Kijijini kwetu kazi hiyo hawakuielewa hata kidogo. Mama yangu alipoulizwa mkwe wake anafanya nini, alijibu tu, "Iko kwa Bazungu," akabadili mazungumzo. Lakini Bukavu ilikuwa na vioo vingi: maduka ya barabara kuu, maofisi, na zile nyumba za kifahari za kwenye rasi zilizotazama ziwa kwa madirisha mapana. Vumbi la kiangazi na matope ya mvua havikuacha kumpa kazi, yeye na mwenzake, Mrega mmoja wa kutoka Mwenga, mtu mrefu, mpole, mwimbaji wa kanisani. Walikwenda kwa miguu, ngazi begani, ndoo mkononi, wakipanda na kushuka vilima mchana kutwa.

Kisha bwana wao, Mzungu mwenye kampuni ndogo ya usafi, akanunua kamionete kuukuu, gari dogo la mizigo lililokuwa likisambaza mikate. Kati ya wafanyakazi wake, mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha kuendesha gari. Bwana akamwambia alitengeneze liwe gari la kazi, apange vyombo vyote visije vikamdhuru mtu, na akiliendesha mpaka Noeli bila ajali, basi yeye ndiye dereva. Dereva! Siku hizi neno hilo halishtui mtu. Wakati ule mke wa dereva alisogezewa nafasi bombani hata kabla hajatua ndoo.

Gari lilitengenezwa katika ua wa bwana, nyuma kidogo ya soko la Nyawera, na mimi nilikuwa nikitoka sokoni nampelekea bugali na mboga ya lengalenga. Nilimkuta kila mara tumboni mwa gari, penseli sikioni, anapima. Pipa la maji aliliweka mbele kabisa, likiegemea ukuta wa nyuma ya kiti cha dereva, akalizungushia mbao chini lisitambae. Akaniambia pipa ama liwe limejaa ama liwe tupu. Maji nusu hukimbia huku na huku kwenye mteremko na kulivuta gari. Ndoo aliziingiza moja ndani ya nyingine. Ile mipira yenye mikono ya kukaushia kioo aliitundika kwenye misumari iliyopindwa, kila mmoja na wake. Amonia aliiweka kwenye sanduku lenye kifuniko upande wa kushoto, na maji ya javeli, ile dawa ya kutolea madoa, kwenye sanduku jingine upande wa kulia, kwa sababu hao wawili, alisema, ni wake wenza. Ukiwalaza chumba kimoja, mvuke wao utakutoa roho. Juu ya paa alipigilia mbao mbili za kulalia ngazi, akazivika magunia ili ngazi isiteleze.

"Kila kintu iko na fasi yake," alinieleza huku akila. "Kintu yenye haikufungwa iko na miguu."

Ilibaki mikanda. Kamba ya katani hakuitaka: ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, na Bukavu hulowa na kukauka mara tatu kwa siku. Akakata vipande vinne vya turubai nene, akatafuta bizimu nne za chuma kutoka kwenye mikoba mikuukuu, akaniletea mimi nishone. Miwili ilikuwa ya ngazi ndefu, mbele na nyuma. Mmoja wa pipa. Mmoja wa masanduku. Aliniletea na uzi, ule uzi mweusi wa mafundi viatu uliopakwa nta.

"Mistari mbili mbili, Mama," aliniambia. "Na uzi hii tu. Usiangalie ingine."

Sasa nijieleze, ingawa maelezo hayaniponyi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa foyer, ile shule ya akina mama ambako Madamu mmoja wa Kibelgiji alitufundisha kushona, kupika na kunawisha watoto, kana kwamba mama zetu walitulea kwa bahati tu. Jumamosi ile tulikuwa na maonyesho. Kitambaa changu cha meza kilikuwa cheupe pe, chenye maua pembeni, na nilikuwa nimekifanyia kazi miezi mitatu. Madamu alikuwa na desturi ya kutukagua vidole kabla hatujagusa kitambaa. Mwenye kucha chafu alirudishwa nyumbani mbele ya wote.

Ule uzi wa nta ulitoa weusi kama masizi. Nilishona mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mistari miwili miwili kama alivyosema, na vidole vikawa kama vya mchoma makaa. Nikavisugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa majivu. Alhamisi mchana vilikuwa vimeanza kutakata, na mkanda wa nne ulikuwa bado. Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nikikasirika hutafuta njia ya mkato, kisha huipa jina zuri. Nilijiambia kwamba uzi ni uzi. Nikachukua uzi wangu wa kutarizi, nikaukunja mara mbili, nikashona mishono midogo iliyonyooka, mizuri kuliko ile mitatu yote. Kisha nikachukua kitambaa na rangi nyeusi ya viatu, nikaipaka mishono hiyo mpaka ikafanana na mingine. Ukiniuliza ni lini hasa nilikosa, sitasema niliposhona. Nitasema nilipopaka rangi.

Aliporudi aliijaribu yote minne. Alikanyaga upande mmoja, akavuta upande wa pili kwa nguvu zake zote. Yote ikashika. Akauinua ule wa nne kwenye mwanga.

"Hii njo muzuri kupita," akasema. "Hii nitaitia mbele ya ngazi."

Jumamosi nilipata zawadi ya pili, na vidole vyangu vilikuwa safi.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, miezi ikaenda. Kamionete ikawa maarufu. Watu wa Bagira walisema gari lile likipita kwenye makorongo halitoi mlio hata mmoja. Kila asubuhi kabla ya kuondoka mume wangu alilizunguka, akigusa kila fundo na kila bizimu. Mara nyingi nilitaka kumwambia anipe ule mkanda niurudie. Jumapili moja nilianza kabisa: "Papa, ile mikanda..." Akadakia kwamba ilikuwa mizima, bwana mwenyewe ameisifu. Nilijiambia Jumapili ijayo, na Jumapili hazikuisha kuja.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Noeli. Walikwenda kwenye nyumba moja ya rasini, ambayo njia yake ya kuingilia inateremka kuelekea ziwani. Yule Mrega alishuka kufungua lango, akasimama hapo mbele ya gari akilishikilia lango lisifungwe na upepo. Mume wangu akateremsha gari polepole, akashika breki alipomkaribia. Mkanda wa mbele ukakatika. Wa nyuma peke yake haukuweza kuizuia ngazi ile nzito. Ikateleza mbele juu ya paa, ikashuka kwa nguvu na kumpiga yule mtu mguu chini ya goti. Mume wangu alivua koti, akamfunika, akampeleka hospitali.

Alasiri mlinzi wa nyumba ile alikuja kwangu na koti lililosahauliwa langoni, ameliviringisha pamoja na alichookota chini, lina damu. Ndiye aliyenisimulia haya yote. Alipokwenda nililikunjua, na ndani yake mlikuwa na mkanda wa nne. Bizimu ilikuwa imefungwa. Ncha ya mkanda ilikuwa imekunjwa na kuchomekwa kama alivyofanya yeye siku zote. Kilichoachia ni mshono wangu. Nyuzi zilikuwa zimeoza, na pale rangi ya viatu ilipofifia rangi yake ya waridi ilionekana. Niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, nikauchoma. Bizimu niliitupa chooni. Yote hayo niliyafanya haraka.

Alirudi jioni, akaketi kizingitini bila kuvua viatu.

"Bwana aliniuliza kama nilifungaka bukle ya mbele," akasema. "Nilitafuta mu kichwa. Ya jana naiona. Ya juzi naiona. Ya leo siione, Mama. Basi sikufunga."

Nani hukumbuka kufunga kitu anachokifunga kila asubuhi? Hata mimi sasa siwezi kukuambia kama nilifunga mlango nilipoingia. Lakini yeye, kwa kuwa hakuukumbuka mkono wake ukikaza bizimu, aliamini haukukaza, na mbele ya bwana akaungama kosa ambalo hakulifanya. Nilifumbua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi. Nikamwambia, "Kula kwanza."

Funguo alipokonywa kesho yake. Gari likapewa mwingine, naye akarudi kwenye ngazi na ndoo, na kwenye vilima. Hilo angelivumilia. Asichokivumilia ni kile kilichoingia ndani yake. Mtu aliyekuwa akifunga fundo mara moja na kulisahau, sasa tukienda misa alirudi mara tatu kushika kufuli. Nami, kwa ukali wangu, nilimkemea njiani kwamba tutakuta padri amekwisha kubariki. Watoto walipokua aliwaambia, "Musikuwe kama miye. Mutu aliharibika muguu juu yangu." Niliyasikia hayo nikichambua maharage, na niliendelea kuchambua.

Mguu wa yule Mrega ulipona vibaya. Hakupanda ngazi tena. Akawa mlinzi wa parokia. Hakumlaumu mume wangu hata siku moja. Lakini kila Noeli mume wangu alimpelekea kuku kumwomba msamaha. Uhuru ukaja, bwana akaenda zake, vita vikapita, tukala vya kukopa na vya kuokota; kuku yule hakukosekana. Mimi ndiye niliyemchinja, nikamnyonyoa, nikamwunga kwa vitunguu. Miaka yote hiyo nilipika msamaha wa kosa langu, ukaombwa na mtu mwingine.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa hawezi tena kusimama. Noeli ilipokaribia aliniita mchana mmoja, mvua inapiga mabati.

"Mwaka huu utamupelekea weye kuku," akasema. "Umuambie ile maneno yangu: anisamehe, sikufungaka."

Hapo nilishindwa. Kunyamaza nilikuwa nimezoea, lakini kwenda kusimama mlangoni mwa kilema na kuyasema hayo kwa kinywa changu sikuweza. Nikakaa kitandani, nikamwambia yote: vidole, uzi wa kutarizi, rangi ya viatu, mkanda uliorudi na bizimu yake imefungwa, mbabula. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Hakunitazama. Aliangalia mikono yake juu ya blanketi, nayo ikaanza kwenda yenyewe: ikapitisha mkanda usiokuwepo ndani ya bizimu, ikavuta, ikakunja ncha, ikaichomeka.

"Basi nilifungaka," akasema. Akavuta pumzi, akarudia. "Nilifungaka, Mama."

Akalia, kisha akacheka, kisha akaniomba maji. Kuniuliza kwa nini, hakuniuliza.

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Kila aliyeingia kumjulia hali, majirani, wanakwaya, hata padri aliyeleta mafuta matakatifu, mume wangu alimshika mkono na kumwambia kwanza neno hilo moja: "Nilifungaka." Nani alishona, hakumtajia mtu. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Binti yetu mkubwa akanong'ona kwamba ni homa, baba haelewi tena anachosema. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale kando ya kitanda. Nilinyoosha shuka lake, nikanyamaza.