Wingu Jembamba Kutoka Ziwani

Kwa sisi tunaonunua mpunga Kahama, mvua ni silaha ya mdomo. Mnunuzi anaingia kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, anamkuta mkulima ameanika mpunga wake kwenye maturubai, anatazama juu kwa huzuni ya kujitungia, kisha anasema, "Mama, hii mvua haikuachi. Niuzie hivyo hivyo na unyevu wake." Katika uwanja ule mvua imenyesha mdomoni mwa wanunuzi mara nyingi kuliko ilivyonyesha kutoka angani. Mimi mwenyewe nimeinyeshesha mara mbili, na mara zote mbili nilipata bei nzuri. Sijivunii, ila sikatai.

Tofauti yangu na wenzangu ni kwamba mawingu nilikuwa nayajua kweli. Nilianza kwa ubahili. Programu ya utabiri kwenye simu ilikuwa inanichorea jua siku ninayolowa, nikaona bora bando langu liishie kwenye picha za setilaiti zenyewe, nijisomee. Msimu wa kwanza niliona moshi wa mashamba yanayochomwa nikaudhani wingu la mvua, nikafunika mzigo siku nzima ya jua kali. Msimu wa pili hakuna wingu lililonidanganya. Wingu la radi lililoiva linavimba kama bisi, halafu kichwa chake kinachanika nyuzi nyuzi kuelekea upepo unakokwenda. Ukungu wa bondeni unakaa palepale mpaka jua liupanguse. Na saa iliyoandikwa kwenye picha iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo unaongeza tatu, halafu unahesabu upya kuhakikisha hukuongeza mara mbili.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeshaagwa. Nyumbani kwangu ni Kambarage, mjini Shinyanga, lakini msimu wa mpunga nahamia Kahama. Uwanjani alikuwepo mama mmoja wa rika la mama yangu, aliyeleta mzigo wake kutoka upande wa Segese: magunia ishirini na mawili, mavuno yake yote ya mwaka. Alikuwa amesimamisha nyumba ya matofali, imebaki bati, na bati lenyewe lilikuwa limeanikwa pale kwenye maturubai. Mpunga ulikuwa umepata jua la jana yake na ulihitaji la siku hiyo tu. Ukikobolewa na unyevu unatoka chenga tupu. Ukinyeshewa ndiyo basi, mchele unakuwa wa manjano, una harufu, na hakuna anayekuuliza hata bei.

Asubuhi na mapema nilikuwa nimemtajia bei yangu. Aliisikiliza kwa adabu yote, akarudi kuugeuza mpunga wake kwa miguu.

Saa nne nikafungua picha ya saa tatu na nusu. Ile ya rangi, inayopima mawingu kwa ubaridi wa vichwa vyake na ambayo wengi wanaitazama, haikuwa na kitu: doa jekundu dogo juu ya ziwa, linafifia. Mvua ya usiku ilikuwa inakufa hukohuko Victoria. Lakini nina tabia ya kufungua na ile ya kijivu, ya mwanga wa mchana, na hapo nikaliona. Wingu jembamba, limejipinda kama ukucha uliokatwa, limetoka kwenye lile doa na kuvuka Geita. Nyuma yake hakuna wingu, mbele yake hakuna wingu. Liko chini mno, ndiyo maana picha ya rangi haikulijali.

Nikaokota punje ya mpunga, nikailaza kwenye kioo cha simu. Nikilinganisha na picha za nyuma, kila nusu saa ukucha ule ulikuwa umesogea punje moja kuja kusini. Mpaka Kahama zilibaki punje tano. Nikapima tena. Tano. Saa sita litakuwa juu yetu.

"Mama, anua mpunga," nikamwambia. "Saa sita mvua iko hapa."

Akatazama mashariki, ambako mvua zetu hutokea. Uwanja mzima ukatazama mashariki. Kulikuwa kweupe kama shuka jipya. Kabila zima tumepewa jina lenye maana ya kaskazini, na hakuna hata mmoja aliyegeukia huko.

"Mwanangu," akasema, "asubuhi umenitajia bei nimekataa. Sasa umeniletea mvua."

"Huyu mvua yake anatembea nayo kwenye pochi," akadakia mkuu wa makuli. "Mwambie aitoe tuione."

Wakacheka. Nikacheka nao, kwa sababu kununa kungenigharimu zaidi. Nikampa mama simu, nikamwonyesha.

"Huu uzi ndio unaotaka kuninyang'anya bati?"

"Huo uzi ni upepo wa baridi, mama, umetoka kwenye mvua iliyofia ziwani. Ukikuta ardhi ya huku imepata joto, unanyanyua mvua mpya."

"Mvua iliyokufa," akamwambia yule mkuu wa makuli, taratibu, "inazaa."

"Na bado hujamsikia akitaja bei ya jeneza," kuli akasema.

Nilijua kosa liko wapi. Picha haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa anayeionyesha: mnunuzi anayesema mvua inakuja ni mnunuzi anayeshusha bei, na pale uwanjani hata mtoto anajua hivyo. Na ule ndio ulikuwa mpunga bora kuliko yote siku ile, punje ndefu, safi, hauna jiwe. Nikapiga hesabu ya faida nitakayoikosa. Nikairudia, ikawa imeongezeka.

"Sikilizeni," nikasema kwa sauti. "Mpunga wa mama huyu mimi sinunui. Leo sinunui, kesho sinunui, hata ukauke ulie kama kokoto. Ninyi mashahidi."

"Hata akikupa kwa bei yako ya asubuhi?" kuli akauliza. Alikuwa ameacha kucheka.

"Hata hiyo."

 Mama akavua kandambili zake, akashika pembe ya turubai la kwanza. "Anueni," akawaambia makuli.

Gunia la mwisho lilipoingia ghalani, upepo ulishafika, wa baridi, unatoka kaskazini, umebeba vumbi na mifuko ya sokoni. Mvua ikafuata saa sita kasoro dakika kumi. Zile dakika kumi zinanisumbua mpaka leo. Waliokuwa bado wanatazama mashariki walikimbizana na maturubai yao, na mkuu wa makuli alilowa hadi soksi akiwasaidia.

Siku mbili za jua zilimtosha mama. Akauza kwa mnunuzi mwingine, kwa bei ambayo nisingeitaja hata nikiwa na homa. Nilimfuata mama wakati wanapakia.

"Mama, basi hata gunia moja tu."

"Ulisema mbele za watu, mwanangu."

"La kula nyumbani. Si la biashara."

Akafikiri. La kula, akakubali, halimo kwenye kiapo. Kisha akanitajia bei yake, na haikuwa ya kirafiki hata kidogo. Nikavuta kigoda, tukaanza.