Kaimati Nilizomwonjea Bi Mkubwa

Siku niliyoanza kazi, Ramadhani ilikuwa imebakisha siku moja kuanza, na swali la kwanza nililoulizwa halikuwa kama najua kupika. Bi Mkubwa alikuwa ameketi sebuleni kwake, nyumba ya ghorofa mbili huko Mji wa Kale, mguu mmoja ameukunja chini yake. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndara zangu.

"Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, Bi."

"Na mwezi huu wala mchana?"

"Nala, Bi, lakini naweza kujificha."

"Usijifiche. Mtu kama wewe ndiye nimtakaye. Jina lako nani?"

"Kadzo."

"Haya Kadzo, shuka jikoni. Utatuonjea."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kaloleni, nimekuja nikidhani nitaosha masufuria. Nyinyi mnaosoma haya huenda hamjui kazi hiyo, kwa hiyo nitaieleza. Dini yao inamruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Lakini Bi Mkubwa alikuwa mtu wa wasiwasi, hakulitaka hilo katika jiko lake. Akataka mtu asiyefunga, aonje kila chungu kabla hakijaepuliwa, aseme chumvi imekaa au haijakaa, nazi imeiva au bado, sukari imetosha au yataka kuongezwa.

Mkuu wa jiko alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi mwenye vidole vya chuma, aliyefundisha kwa kufinya. Siku ile ile alinishika sikio akanileta hadi mbele ya sufuria ya mbaazi za nazi.

"Ukinambia imekaa, naepua. Sitakuuliza mara mbili," alisema. "Watu wote wa nyumba hii watakuwa wamekaa mkekani wakingoja adhana, na hakuna hata mmoja awezaye kukuhakiki. Ukitudanganya, utaulizwa wewe na Mungu wako. Mimi simo."

Nilicheka. Akanifinya tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, msidanganywe na harufu ya iliki. Tulianza baada ya adhuhuri. Nazi zilikunwa kwa mbuzi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma, mpaka vidole vikatoka damu. Tui la kwanza, lile zito, liliwekwa kando kwa kumalizia. La pili na la tatu, mepesi, ndiyo ya kupikia. Halafu kaimati. Unga na hamira hupigwa kwa mkono, nasema mkono, mpaka ufanye mapovu na bega lako likulaani. Kisha unauminya kwenye ngumi, kidonge kinachomoza juu ya kidole gumba, unakidondosha ndani ya mafuta. Shira, yaani sukari iliyochemshwa kwa maji na iliki, unaijaribu kwa vidole viwili: ikivuta uzi mmoja imefika, ikivuta zaidi umechelewa, itaganda na kaimati zitakuwa kama changarawe. Leo mwanunua kaimati zilizokwisha pikwa, mwazimimina kwenye sahani na kusema mmeandaa futari. Astaghafiru! Mimi si Muislamu lakini neno hilo nimeliokota jikoni, na silirudishi.

Nilionja miaka kumi na miwili chini ya Bi Mwanaidi. Katika miaka hiyo nilipika na kupakua vitumbua, mkate wa sinia, tambi za sukari, mahamri, vileja vya Idd. Salma, binti wa pekee wa Bi Mkubwa, alikua akining'ang'ania kanga nimtilie kaimati mkononi kabla ya wageni. Aliniita Da Kadzo, na ananiita hivyo mpaka leo, au tuseme mpaka juzi.

Kisha nikaazimwa Kizingo, kwa Bwana Jaji, mstaafu aliyekuwa rafiki wa nyumba ile na aliyefiwa na mke. Huko hakukuwa na kelele. Miti mingi, magari yanaingia na kutoka, na mzee mmoja akila peke yake kwenye meza ya watu kumi. Nilikaa naye miaka sita. Siku moja niliunguza maziwa ya pudini ya mayai, nikafunika harufu kwa kungumanga na kumpelekea vivyo hivyo. Alikula kijiko kimoja akaniita.

"Mpishi, hii imeungua."

"Kidogo tu, Bwana Jaji."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kosa la jikoni niambie kabla sijaketi mezani, nami nitakula mkate na siagi bila neno. Ukiniambia baada ya kijiko, hilo si kosa tena."

Hakunifukuza. Alisukuma bakuli kando na kurudi kwenye gazeti lake. Nilimwona mzee wa kuchosha, basi.

Bi Mwanaidi alipofariki, Bi Mkubwa alinirudisha Mji wa Kale, safari hii niwe mkuu wa jiko mwenyewe. Mume wake alikuwa amekwisha kufa, Salma ameolewa na kuachwa, amerudi kwa mamake na anafanya kazi ofisini. Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya mfungo, Bi Mkubwa alianza kunywa maji usiku na mchana, na macho yakamwingia ukungu. Daktari akasema ni sukari, imepanda sana. Akampa vidonge, na akaruhusu afunge kwa sharti moja: vitamu asiguse.

Siku ya kwanza ya mfungo, Salma alishuka jikoni na karatasi ya daktari mkononi.

"Da Kadzo, za mama zipikwe mbali. Kaimati zake zisiingie shira, unga wake usitiwe kitu. Mimi nimefunga, siwezi kuonja. Wewe ndiye utakayeniambia."

"Usijali, mamangu," nikamjibu.

Siku tatu nilifanya kama nilivyoambiwa. Siku ya nne, alasiri, Bi Mkubwa aliteremka jikoni mwenyewe, ngazi moja moja, akishika ukuta. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona ameketi jikoni, sembuse juu ya kibao.

"Kadzo, nimefunga kutwa, nifungue kwa unga mtupu? Nimewakosea nini?"

"Daktari, Bi."

"Daktari hajui futari yangu. Umekula kwangu miaka mingapi? Nilikuficha mchana ulipokuwa wala?"

"Hukunificha, Bi."

"Basi nitilie kidogo. Usimwambie Salma."

Na mimi niseme nini? Mwanamke aliyenipa kazi na jina, aliyekuwa akipeleka sinia kwa mamangu Kaloleni kila Krismasi, amekaa chini ananiomba kijiko cha sukari kama mtoto. Moyo wangu ulivunjika. Nikamtilia.

Sikilizeni nilivyofanya, maana ujuzi wangu wote niliutumia hapo. Shira ingeng'aa, Salma angeiona. Kwa hiyo sukari niliitia ndani ya unga wenyewe. Lakini unga wenye sukari huwahi kubabuka, unakuwa mwekundu kabla ndani hakujaiva, kwa hiyo nikapunguza makaa na kuzikaanga polepole, zitoke nyeupe kama za mgonjwa. Nikazipanga kwenye kisahani chake cha buluu. Jua likikaribia kuzama, Salma akachungulia mlangoni.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Hazina kitu?"

"Hazina."

Akapanda nazo juu. Nilisikia adhana, kisha nikasikia Bi Mkubwa akisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko ya kawaida.

Kidogo kikawa kijiko, kijiko kikawa kikombe. Mfungo ukaisha, Idd ikaja, na mimi naendelea. Tambi, uji, chai ya maziwa, vyote Salma, ambaye sasa angeweza kuonja mwenyewe, aliendelea kuniuliza mimi tu, na vyote nikamjibu havina kitu. Kila mwezi alirudi kutoka hospitali na mamake akiwa amechoka.

"Mbona yapanda na hali hagusi?" aliniuliza siku moja. "Daktari ameongeza dawa tena."

Nikageuka kukoroga chungu kisichokuwa na haja ya kukorogwa.

Kidonda cha Bi Mkubwa kilianza unyayoni, kwa sababu ya kiatu kipya. Hakikupona. Kilipanuka kikanuka, na hapo nikaogopa nikaacha sukari kabisa, lakini nilikuwa nimechelewa. Walimkata mguu chini ya goti. Nilipokwenda kumwona wodini alinivuta karibu na mdomo wake.

"Usimwambie. Atakuchukia wewe, na mimi atanichukia kaburini."

Alifariki kabla Shaabani haijaisha, mfungo mwingine ukikaribia. Kwenye hitima nilipika mimi, na Salma alisimama mbele ya jamaa zake wote akasema, "Huyu Da Kadzo hakumpa mama sukari hata chembe. Mwaka mzima." Wanawake wakanishika mikono. Mmoja aliibusu.

Salma hakuweza kukaa kwenye nyumba ile. Akahamia nyumba ya ghorofani huko Ganjoni, nami nikahama naye, jiko la gesi na sinki la kumeremeta. Nilimpikia huko mpaka magoti yalipokataa. Aliniaga kwa kanga, doti sita, na sufuria kubwa ya kaimati ya mamake. Sasa nakaa huko Majengo, kwa mwanangu. Hiyo sufuria sijaipikia kitu.

Idd iliyopita nilikwenda kumpa Salma mkono wa Idd. Alinikaribisha, akalia kidogo kunifurahia, akatia chai. Nilihesabu vijiko: vitatu. Kaimati zilikuwa mezani zinang'aa shira. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa na bendeji.

"Una nini, Salma?"

"Sukari, Da Kadzo. Mwaka wa pili huu."

"Na hizi ni za nani?"

"Zangu. Mbona wanitazama hivyo? Wewe ulikuwapo. Mama hakuonja kitu mwaka mzima, ulimwonjea wewe mwenyewe, na mguu ukakatwa vilevile. Madaktari hawajui kitu. Kama ni kufa, nife nimekula."

Akachukua moja. Nikamkumbuka Bwana Jaji, kijiko kimoja na bakuli limesukumwa kando. Kikombe nikakiweka chini.

"Zilikuwa na sukari, Salma."

"Zipi?"

"Za mama. Zote."

Hakuelewa mara moja. Nilimweleza yote, unga, makaa madogo, rangi nyeupe. Nilieleza vizuri, nisimwachie nafasi ya kunionea huruma.

"Hata Idd?"

"Hata Idd."

"Na tulipokuwa tukimwongezea dawa?"

"Hata hapo."

Aliirudisha ile kaimati sahanini. Akafuta shira vidoleni, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

"Aliniomba," nikasema. "Mwenyewe aliniomba."

"Alikuomba wewe. Mimi nilikuuliza wewe." Hakupaza sauti. "Toka kwangu, Kadzo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuliita jina langu bila dada. Nikashuka ngazi kwa magoti haya, na barabarani nikalia mpaka dereva wa tuktuk akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Vijana wapishi wa mtaa wetu wanaponiuliza siri ya kaimati laini, nawafundisha kupiga unga na kuvuta uzi wa shira. Sifa za kuaminiwa sizitaki tena, wakinipa nawakatiza. Salma hajanipigia simu, na sitegemei.

Ila wiki iliyopita, Marikiti, nilikutana na msichana anayempikia sasa. Nilimsalimu, nikajifanya nachagua nazi.

"Bibi yako hajambo?"

"Hajambo. Kidole chapona. Chai anakunywa bila sukari, na vitamu ametukataza kuviingiza nyumbani."

"Na chakula chake anaonja nani?"

"Anaonja mwenyewe, bibi. Kila sufuria, kabla sijapakua. Haamini mtu."

Nikamwambia ni vyema. Nikalipa nazi zangu mbili nikarudi nyumbani.