Mwangwi Unaochelewa

Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, kwenye duka la vyombo vya muziki hapa Moshi. Nilifuata nyuzi za gitaa, maana mjini hapa anayenizidi kulicharaza hajazaliwa.

Mzee mmoja kutoka Kilema, kule mlimani, alikuwa akijaribu visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Vinne alivikataa. Cha tano kilikuwa na mwangwi.

"Huu mwangwi uchelewe kidogo," akasema.

"Mzee wangu, utakuharibia wimbo," muuzaji akamwonya.

"Chelewesha, mwanangu. Marehemu mdogo wangu alinifuata hivyo hivyo tukipiga pamoja miaka yote, nami nikimgombeza."

Muuzaji akazungusha kitufe. Mzee akapiga, akangoja, gitaa likamjibu.

"Hapo hapo. Usiguse tena." Akakichukua.

Nimedanganya kitu kimoja tu: kwamba nilifuata nyuzi. Gitaa sina. Huwa naingia pale kusikia watu wakiongea.