Fundi Cheche na jiko la mume asiyeshika kiberiti

Duka la jirani halijafungua milango, lakini Fundi Cheche amekwisha kukaa kwenye kigoda chake, na jiko dogo la gesi limelala chali mezani. Ni jiko la safari, la midomo miwili, lile linalofunikwa na kubebwa kama sanduku. Mtungi wake ameutoa nje, ameuweka mbali kando ya ukuta.

"Jiko likiwa na mtungi wake, mimi sigusi drili," anasema bila kuinua macho. "Mke na mume wakigombana, watenganishe kwanza, ndipo uulize nani kaanza."

Anatoboa tundu ubavuni mwa jiko, anasugua kingo zake kwa tupa, kisha anaingiza kifungo cheusi kinachotoshana na kizibo cha chupa. Kutoka kwenye kifungo anapitisha waya hadi karibu na mdomo wa jiko. Anabonyeza. Tak. Cheche ya buluu inaruka, na yeye anatabasamu kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Kazi ya kutengeneza majiko alijifunza kwa mjomba wake, aliyekuwa akimtuma kushika taa, na mwisho akamwachia sanduku zima la vifaa. Mwezi ukiwa mzuri, anapata cha kulipa kodi, cha kula, na ada ya mjukuu. Mwezi ukiwa mbaya, mjukuu anasoma, wengine wanafunga mkanda.

Siku hizi wanaomjia zaidi ni watu wa vifungo. Majiko mengi ya namna hii hutoka kiwandani bila cheche, mwenye nalo huwasha kwa kiberiti. Kwa watu wengi hilo si tatizo. Kwa wateja wake ndilo tatizo lenyewe: mshona viatu ambaye vidole vimekakamaa, bibi mmoja anayetetemeka, mwalimu mstaafu mwenye mkono mmoja.

"Wote hao wamemfuata mzee wangu," anasema. "Yeye ndiye mteja wangu wa kwanza wa kifungo, na hakuna aliyenisumbua kama yeye."

Mzee huyo ni mumewe, naye ni mpishi. Analipikia kundi la mafundi wanaolaza mabomba ya maji, watu wanaolala kwenye mahema na kuhama kila bomba linaposonga mbele. Jiko lake limo ndani ya trela, na trela inavutwa na lori. Nyumbani hurudi kila mwisho wa mwezi, na akirudi hukaa jikoni kama kawaida, maana hamruhusu mkewe aguse chungu.

Mwaka juzi tabia hiyo ilibadilika kidogo. Mpishi alikuwa akikata vitunguu, akipanga sufuria, kisha anamwita mkewe. "Mama watoto, njoo uwashe. Moto wako una baraka."

"Nami mjinga nikafurahi," anasema Fundi Cheche, akicheka hadi anakohoa. "Miaka thelathini ya ndoa, leo naambiwa nina baraka. Nikawa natembea kwa maringo mpaka jikoni."

Maringo yaliisha siku mpishi aliporudi na nyusi moja. Ya pili ilikuwa imeungua, imebaki vumbi la kahawia juu ya jicho. Alipoulizwa alisema aliinamia sufuria kupita kiasi.

Mtu mwingine angeamini. Lakini aliyeambiwa uongo huo alikuwa fundi wa majiko, na nyusi za namna hiyo amezisoma kwa wateja wengi. Sufuria haiunguzi nyusi. Kinachounguza ni gesi iliyofunguliwa ikasubiri moto muda mrefu, ikajikusanya, halafu ikawaka kwa mkupuo.

Hakubishana naye. Alichukua kiberiti, akakiweka mezani mbele ya mumewe. "Washa njiti moja, nione."

Mpishi alikitazama kile kiberiti. Akakikamata kwa mkono wa kushoto, akachomoa njiti kwa mkono wa kulia. Njiti ikadondoka. Akachomoa ya pili, ikavunjika kabla haijagusa kiberiti. Ya tatu hakuijaribu.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu nilipoteleza kwenye ngazi za trela nikaangukia kiwiko. Kitu kinene nashika. Kisu nashika, mwiko nashika. Chembamba sikisikii kabisa." Daktari alimwambia ni mshipa wa fahamu, huenda ukarudi, huenda usirudi. Alijaribu kile kiwashio cha kubana, kikamponyoka kikaangukia kwenye maharage.

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekwambia, ungenizuia kwenda kazini. Na wakubwa wakijua, nimekwisha. Mpishi asiyeweza kuwasha moto ni sawa na dereva asiyeshika usukani."

Fundi Cheche anakiri kuwa alikasirika, lakini hasira haikufika mbali. Alimtazama mumewe akiokota njiti mezani kwa kuzisukumia kwenye kiganja, moja baada ya nyingine, akaona haya kuendelea kumsema. Akaenda stoo kwake. Kulikuwa na jiko kubwa la zamani lililooza kwa kutu, lakini vifungo vyake vilikuwa vizima. Akang'oa kimoja na waya wake.

Ikabaki shida ya ruhusa. Jiko la kambini ni mali ya kampuni, na mali ya kampuni haitobolewi tundu kimyakimya. Ilibidi kumwomba msimamizi wa kazi, na msimamizi angeuliza sababu. Mume akasihi, mke akaapa: siri haitatoka.

"Nikatunga uongo wangu mzuri," anasema. "Nikasema nitamwambia upepo wa huko unazima viberiti."

Akapanda lori la mizigo pamoja na mumewe, sanduku la vifaa mapajani. Walipofika kambini alimkuta msimamizi, mtu mrefu asiye na maneno mengi, amesimama mlangoni mwa trela. Akamweleza habari ya upepo kwa utulivu, hata yeye mwenyewe akaanza kuiamini.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. "Shemeji," akasema, "upepo unazima njiti. Hauvunji njiti. Hapa chini ya jiko nimeona zilizovunjika mpaka nimechoka."

 Nyuma ya Fundi Cheche, mumewe alikuwa amebeba karai la vyombo, na karai likaanza kulia, kijiko kikigonga sahani.

Msimamizi akaendelea kwa sauti ile ile. Dereva wa lori, alisema, huja kunawa uso mlangoni mwa jikoni kila alfajiri ingawa bomba la kunawia liko upande wa pili wa kambi. Fundi wa kuchomelea huja kuwasha sigara, naye sigara aliacha zamani. Kila mmoja akifika humwambia mpishi, "Mzee, ngoja nikuwashie," kama jambo la kupita njia. "Tumepangiana zamu. Siku ile nyusi yake ilipoungua, mwenye zamu alipitiwa na usingizi. Nilimsema sana."

"Kwa nini hamkumwambia kuwa mnajua?" Fundi Cheche akauliza.

"Angejua tunajua, angefunga mizigo yake siku hiyo hiyo. Halafu sisi tungekula nini?"

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siri ya mtungi huu ilikuwa inajulikana na kata, vijiko na kambi nzima.

Mpishi aliweka karai chini. Akamgeukia yule fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amesogea kusikiliza. "Kwa hiyo nilikugombeza bure mwezi mzima kwa kurudia sigara."

"Nilistahimili, mzee," yule akajibu. "Chai yako inastahimilisha."

Kazi ikaanza palepale nje ya trela, watu wamesimama duara. Fundi Cheche akatoa mtungi, akatoboa, akafunga kifungo, akapitisha waya mbali na njia ya moto. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na cheche badala ya kuruka mdomoni mwa jiko ikampiga kidoleni. Mtu mmoja akaguna. Msimamizi akatazama saa yake.

"Hapo nilimeza mate," anasema. "Nimelitoboa jiko la watu, na cheche haitaki kwenda nyumbani kwake."

Akalichunguza upya, polepole, na kosa akaliona. Lile jiko lilipakwa rangi nzito, na mdomo wake ulikuwa umekalia juu ya rangi. Cheche huhitaji chuma kitupu cha kurudia kwenye kifungo, na rangi ilikuwa imeifungia njia. Akachukua msasa, akasugua pale mdomo unapokaa, akasugua na chini ya kifungo mpaka chuma kikang'aa. Akabonyeza. Tak.

Ndipo mtungi ukarudishwa, maungio yakapakwa povu la sabuni kuona kama gesi inavuja, povu likatulia bila kutoa hata kiputo kimoja. Fundi Cheche akasogea pembeni kumpisha mumewe.

Mpishi akazungusha kitufe cha gesi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akaukunja ngumi, akakigonga kifungo kwa kifundo cha kidole. Moto ukazunguka mdomo wa jiko, mdogo na wa buluu. Hakuna aliyepiga makofi. Mpishi akabandika birika, akasema bila kugeuka, "Nendeni mkafanye kazi, chai bado." Akasimama ameelekeza uso kwenye birika ambalo halijaanza hata kutoa mvuke, na mkewe akajua amwache.

Dereva bado huja kunawa uso pale mlangoni. Anasema ameshazoea.

Habari za kifungo zilienda na madereva, mji hadi mji, na ndivyo mshona viatu na wenzake walivyofika kwenye kibanda cha Fundi Cheche. Sasa anatafuta kifungo kipana kuliko hivi anavyong'oa kwenye majiko chakavu, kifungo cha kupigwa kwa kiganja kizima au kwa kiwiko. Amechonga viwili vya mbao. Kimoja kiliungua, kingine kinamridhisha nusu.

Mwakani bomba la maji linafika mwisho, na mpishi anarudi nyumbani moja kwa moja. Mkewe amekwisha kukodi chumba cha pili, ubavuni mwa kibanda. Mumewe ameomba kazi humo, na ameeleza mwenyewe ni kazi gani.

"Anataka kila jiko lijaribiwe na yeye kabla halijatoka," anasema Fundi Cheche, akifunga sanduku lake. "Ananiambia, 'Likinikubali mimi, hakuna litakayemkataa.' Nikamuuliza, na mshahara? Akasema nimpe jiko moja lililopona na nisiingie jikoni kwake."