Milingoti ya Mteremkoni

Mwaka ambao serikali iliondoa ruzuku ya mbolea, baba alirudi kutoka Njombe mjini mikono mitupu. Alikaa jikoni karibu na moto. Kwetu Kifanya, mahindi bila mbolea ni kuvuna magunzi.

Siku hizo hizo bwana miti alipita kijijini akitangaza kwamba miche ya milingoti, yaani mikaratusi, inatolewa bure kwenye kitalu cha serikali. Wengi walicheka, nani anakula miti? Mama alichukua tenga, akaenda, akarudi, akaenda tena. Akaipanda kwenye mteremko ambao bibi, mama mkwe wake, alimpa alime ulezi.

"Mama watoto," baba alimwambia, "hawa watakula magome?"

"Watakula viazi vya bondeni. Wewe katutafutie chumvi."

Baba alikwenda kuitafuta huko Makambako, akapata kazi ya kupakia malori. Alikuwa anakuja mara chache, analala siku mbili, anaondoka. Kwenye ule mteremko hakushika jembe hata siku moja. Tulipalilia sisi na mama, na kila kiangazi tukafyeka njia ya kuzuia moto.

Nilikuwa nimemaliza shule wakati milingoti ilipopita paa la kanisa. Biashara ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na wafanyabiashara wa Makambako walikuwa wakizunguka vijijini kununua kuni za viwanda vya chai. Asubuhi moja lori likasimama uani kwetu. Alishuka baba, amevaa koti ambalo hatukuwahi kuliona, na nyuma yake tajiri wake, Mwislamu mnene mwenye baraghashia, mtu wa kuja kutoka Singida.

"Kamwene, mama," mgeni alisalimia. Kibena chake kiliishia hapo.

"Tumekuja kukata," baba alisema, macho yake yakiwa kwenye miti. "Yote. Tumeshaelewana."

Mama alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. "Mmeelewana nani na nani?"

Mgeni akamgeukia baba. "Si uliniambia shamba ni lako?"

"Ni la nyumba hii."

"Miti alipanda nani?" mgeni akauliza.

Baba akainamia viatu vyake. Nilikuwa na hasira naye, lakini pia nilimwonea huruma. Miaka yote ile alikuwa amebeba magunia ya wengine mgongoni, na siku hiyo alitaka tu tajiri wake amwone kuwa naye ana kitu.

Yule mgeni angeweza kupandisha sauti, maana mafuta ya lori alikuwa ameshayachoma. Badala yake alivuta kigoda akakaa mbele ya beseni la viazi. "Basi tuanze upya, mama. Unauza?"

"Nusu. Ya upande wa chini inashikilia udongo, hiyo iacheni. Na visiki msiving'oe, vitachipua."

"Lori langu halitajaa."

"Utakuja tena."

Alicheka mpaka baraghashia ikamteleza. Mama akawapikia viazi na maharage, wakala wote, baba akiwa pembeni. Walipomaliza, baba alivua lile koti, akalitundika kwenye msumari, akachukua shoka. Mama alimfuata mteremkoni akamwonyesha pa kuanzia. Sikusikia walichoambiana, walisimama pale muda mrefu, mama akigusa mti huu na ule.

Kazi ilipokwisha, mama alisema anataka kuona kuni zake zinakokwenda. Mgeni akamfungulia mlango wa mbele, naye akapanda na kanga yake ya kanisani.

Alirudi kesho yake jioni. Baba ndiye aliyempokea barabarani. Tulipokaa kula, mama alisimulia jinsi majani ya chai yanavyokaushwa kwa joto la tanuri kubwa, na watu wanaolilisha magogo bila kupumzika, vifua wazi.

"Linatisha?" baba akauliza.

"Linanguruma," mama alisema. Akamwongezea mboga, akaendelea kusimulia.