Kicheko cha Atupele

Nilipokuwa mtoto kijijini Ikombe, kando ya ziwa, siku niliyoichukia kuliko zote ilikuwa siku ya kuchoma vyungu, maana siku hiyo mdomo wangu ulipewa likizo. Bibi na akina mama wote wa upande wetu waliamini kwamba chungu kikiwa motoni kinasikia. Ukisema neno kinashtuka, kikishtuka kinapasuka. Basi tangu nyasi zinapowashwa hadi moto unapozimika tulizungumza kwa mikono na macho, na mimi niliyezaliwa nikiongea niliteseka kweli kweli.

"Kaa kule na huo mdomo wako," Bibi aliniambia kila mara kabla hajawasha. "Utatumalizia vyungu."

Aliyeipenda siku hiyo ni Atupele, binti wa mama mdogo. Tulilingana umri. Atupele alizaliwa hasikii, na siku nyingine zote watu walimpita tu kama kigoda. Lakini siku ya moto sote tulihamia kwake. Mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko ya mtu yeyote, hata Bibi alipotaka kunigombeza alimtumia yeye. Nilimwonea wivu.

Siku moja mbuzi alivuta kanga ya Bibi iliyoanikwa kwenye mwamba, ikanasa kwenye pembe zake, akaondoka nayo taratibu kama mke wa mchungaji anayeingia kanisani. Bibi akamkimbiza bila kuweza kumfokea. Sisi tukauma kanga zetu, mabega yakitikisika. Atupele akafungua kinywa akacheka, kicheko kinene, kikubwa, kikagonga mlima kikarudi. Papo hapo chungu kikubwa kuliko vyote kikalia pa! ndani ya moto.

Moto ulipozimika ndipo ndimi zilipofunguka. "Huyu asiletwe tena hapa," alisema mama mmoja, na wengine wakaitikia. Mama mdogo akaanza kulia. Hata mimi nilielewa kwa nini. Kwetu shamba ni kipande tu kati ya mlima na ziwa, na mwanamke anaishi kwa vyungu anavyopeleka sokoni kwa mtumbwi. Kuchoma hakufundishwi kwa maneno, unajifunza kwa kukaa pale na kutazama. Msichana aliyefukuzwa motoni angekula nini?

Atupele akanijia na kuniuliza kwa mikono: wote mmecheka, kwa nini mimi?

Hatukuwa hata na ishara ya sauti, maana nani angehangaika kumweleza habari za sauti? Atupele hakujua kwamba anayo. Alituona tukitikisa mabega, akadhani kucheka ni hivyo tu. Nikamshika mkono, nikauweka kooni mwangu, nikalitaja jina lake. Kisha nikauweka kooni mwake mwenyewe, nikamwigiza yule mbuzi. Akacheka. Akauondoa mkono haraka kama aliyeungua, halafu akaurudisha polepole.

Safari iliyofuata Bibi alikubali aje, kwa kuwa mama mdogo alimsihi sana. Atupele alikaa kiganja kikiwa kooni mpaka moto ukazimika, kimya kabisa. Chungu kingine kilipasuka, na hakuna aliyemtazama.

"Ndaga fijo, mwanangu," mama mdogo aliniambia, akinishika mashavu. Asante sana. Nikajiona mtu mzima.

Sasa niko chuoni, mwaka wa pili, nasomea elimu maalumu, upande wa watoto viziwi. Siku ya kwanza mkufunzi alimuuliza kila mmoja wetu kilichomleta. Nilisimulia habari ya mkono kooni, wenzangu wakapiga makofi.

"Na huyo binti anaendeleaje?" akauliza mkufunzi.

Nikasema ni mfinyanzi hodari, vyungu vyake hugombaniwa sokoni. Nikakaa. Ndipo nilipotambua kwamba tangu siku ile ya mbuzi sijasikia tena kicheko chake, si harusini, si Krismasi.

Simlaumu Bibi. Alijua vizuri kwamba udongo usiokauka ndio unaopasua chungu, na bado hakufungua mdomo mbele ya moto; mtu ambaye riziki yake yote iko motoni hajaribu bahati. Wala sijilaumu mimi, nilikuwa mtoto na Atupele alibaki na kazi yake. Ila sote tulihakikisha ameijua desturi yetu, na hakuna aliyejisumbua kumjua yeye. Tulimwonyesha mahali pa kunyamaza, tukasahau kumwambia kwamba kwingine kote ni ruhusa. Kila nikiingia darasani nalifikiria hilo.

Likizo iliyopita nilimkuta nyumbani kwake akilainisha shingo ya chungu kibichi. Nikamweleza nilivyoteleza na kukalia matope mbele ya wanafunzi siku ya mazoezi ya kufundisha. Mabega yakaanza kutikisika, kiganja chenye udongo kikapanda kooni. Nikakishika, nikakishusha.

Hapa hakuna moto, nikamwambia kwa mikono.

Akageuka akatazama uwanja wote, kama anayehakikisha. Kisha akacheka, na kuku wakatawanyika.

Kicheko changu ni kikubwa? akaniuliza.

Kikubwa sana, nikamjibu. Akacheka tena.